Ahadi ya Berlin na Mfungwa wa Élisabethville: Uhuru wa Dini nchini Kongo mbele ya Sheria ya Kimataifa

Wanaoandika juu ya uhuru wa dini katika sheria ya kimataifa huanza kwa kawaida na mikataba ya amani ya Westphalia ya mwaka 1648, iliyofunga vita vya miaka thelathini huko Ulaya, kisha huruka hadi Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Afrika huingia mwishoni kabisa, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Mpangilio huo una kasoro kubwa. Tarehe 26 Februari 1885, miaka 63 kabla ya Tangazo la 1948, hati ya kimataifa iliahidi uhuru wa dhamiri na wa ibada kwa wakazi wa bonde la Kongo, tena ikawataja wenyeji wenyewe kwa jina. Kwa hiyo swali la historia ya Kongo si lini haki hiyo iliandikwa. Swali ni kwa nini mwenyeji wa Nkamba aliyeanza kuhubiri mwaka 1921 alihukumiwa kifo katika nchi ambayo ilikuwa imekwisha kuahidiwa uhuru huo kwa miaka 36, na ni nini hasa kilichobadilika hata, miaka 74 baada ya hukumu hiyo, waumini wengine wa nchi hiyo hiyo wakaweza kuishinda Serikali yao mbele ya chombo cha kimataifa.

Ahadi iliyowataja wenyeji

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884. Hakuna Mwafrika aliyealikwa. Habari zake zinajulikana sana na hapana haja ya kuzirudia hapa. La maana ni Ibara ya 6 ya Hati Kuu iliyotokana nao. Ibara hiyo ina mambo mengi yaliyosongamana: kulinda makabila ya wenyeji, kukomesha utumwa na biashara ya watumwa, kusaidia taasisi za dini, za elimu na za huruma bila kubagua taifa wala madhehebu, na kuwapa wamisionari wa Kikristo, wataalamu na wasafiri ulinzi wa pekee. Baada ya hayo yote ndipo inapokuja ahadi yenyewe. Uhuru wa dhamiri na uvumilivu wa dini wadhaminiwa waziwazi kwa wenyeji sawasawa na kwa raia wa madola na kwa wageni. Na ibada ya hadhara ya kila dini, ujenzi wa nyumba za ibada na uanzishaji wa misioni havitawekewa mpaka wala kizuizi chochote.

Mambo mawili yastahili kuangaliwa. La kwanza ni ukamilifu wa ahadi: haina neno lolote la kuipunguza, hata lile la usalama wa umma ambalo wanasheria wa leo wamelizoea. La pili ni mpangilio wake. Mmisionari anatangulia, tena kwa ulinzi wa pekee, mwenyeji anafuata. Waliotia sahihi walikuwa na hakika kwamba dini itakayohitaji ulinzi katika bonde la Kongo ni ile itakayoletwa na meli. Haikuwaingia akilini kwamba mwenyeji angeweza siku moja kuwa si mpokeaji wa dini tu, bali mwanzilishi wake.

Kwa sababu hiyo, mabishano ya kwanza juu ya Ibara ya 6 yalikuwa mabishano ya Wazungu. Misioni za Kiprotestanti, nyingi zikiwa za Waingereza na Wamarekani, zililalamika kwamba Dola Huru la Kongo linawanyima viwanja vipya, hasa baada ya wamisionari wao kuanza kutoa habari za ukatili wa mpira. Wakati huohuo, tarehe 26 Mei 1906, Dola hilo lilifanya mapatano na Makao Matakatifu ya Roma, na kuzipa misioni za Kikatoliki ardhi ya hektari 100 hadi 200 kwa kila kituo, nazo zijenge shule. Mkataba wa Koloni wa tarehe 18 Oktoba 1908, ulioifanya Kongo kuwa mali ya Ubelgiji, ulikariri lugha ya Berlin katika ibara yake ya 5. Lakini ruzuku za shule ziliendelea kwenda kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Kibelgiji na takriban zote za Kikatoliki, na Waprotestanti hawakuzipata mpaka baada ya Vita Kuu vya Pili.

Ama Waislamu wa Maniema, wale Wangwana wa Kasongo na Nyangwe ambao lugha yao ya Kiswahili ilikuwa imeenea mashariki yote ya nchi, hao hawakuwa na dola lililotia sahihi Berlin kwa kuwatazamia wao. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja mamlaka ya viongozi wao. Wakaachiwa kusali, ila katika hesabu ya shule hawakuwamo. Yafaa kukumbuka hapa kwamba mngwana kwa maana yake ya asili ni mtu asiye mtumwa. Watu waliojiita hivyo, katika nchi ambayo mkataba wa mataifa uliwahakikishia uhuru wa dhamiri, walilazimika kuilinda dini yao kwa kukaa kimya.

Neno lililotoweka mwaka 1919

Vita Kuu vya Kwanza vilipokwisha, madola yaliyoshinda yaliirekebisha Hati ya Berlin kwa Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919. Waliotia sahihi ni Marekani, Ubelgiji, Uingereza na milki zake, Ufaransa, Italia, Japani na Ureno. Ibara ya 11 ndiyo iliyorithi Ibara ya 6, na wengi waliosoma kwa haraka wameiona kuwa marudio tu. Si marudio. Wenyeji bado wanatajwa katika mkataba, lakini kama watu wa kutunzwa na kuongozwa katika njia ya maendeleo na ustaarabu. Katika sentensi ya uhuru wa dhamiri na ibada hawamo tena. Uhuru huo sasa wadhaminiwa kwa raia wa madola yaliyotia sahihi na kwa watu walio chini ya madola ya Shirika la Mataifa yatakayojiunga na mkataba. Mwanasheria mkarimu angeweza kumwingiza Mkongo humo, kwa kuwa alikuwa chini ya Ubelgiji. Lakini kile ambacho Berlin ilikisema waziwazi, Saint-Germain ilikiacha kitafutwe.

Badiliko la pili ni zito zaidi. Mkataba wa 1919 uliongeza kwamba uhuru huo waweza kuwekewa mipaka inayohitajika kwa ajili ya kudumisha usalama na utulivu wa umma, au inayotokana na sheria za kikatiba za dola linalotawala. Haikusemwa ni nani atakayepima kama mpaka fulani unahitajika kweli. Aliyetawala ndiye aliyepima.

Nkamba na Thysville, 1921

Mkataba huo haukuwa umetimiza miaka miwili Simon Kimbangu alipoanza kazi yake. Alizaliwa Nkamba, katika nchi ya Wakongo wa Bas-Congo, mwaka 1887 kwa hesabu ya Kanisa lake, na akabatizwa na Wabaptisti wa Kiingereza mwaka 1915. Tarehe 6 Aprili 1921, kwa mapokeo ya waumini, alimponya mwanamke mgonjwa. Katika muda wa majuma machache watu walimiminika Nkamba kwa maelfu. Walitupa hirizi na ngoma, wakaacha wake wengi, wakaacha pia kazi za reli na za mashamba, na wengine wakayaacha mafundisho ya mapadri.

Mwezi Mei msimamizi wa teritori, Léon Morel, alifika kujionea. Ripoti yake ni ushahidi wa thamani kwa jambo linalozungumzwa hapa, kwa sababu haikumshtaki Kimbangu kwa kumwaga damu wala kwa kuchochea vita. Kilichomtia wasiwasi msimamizi kilikuwa ni kuona dini inayofuata akili na hisia za Waafrika wenyewe, isiyo chini ya usimamizi wa misioni, na ambayo kwa maoni yake ingewaelekeza watu kwenye umoja wa weusi. Kwa maneno mengine, hatari ilikuwa katika uanzilishi wenyewe. Jaribio la kumkamata la tarehe 6 Juni lilishindikana. Alihubiri kwa siri hadi Septemba, kisha akajitoa mwenyewe, tarehe 12.

Baraza la kijeshi lilikaa Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, chini ya uenyekiti wa Kamanda de Rossi. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Tarehe 3 Oktoba 1921, siku 21 tu baada ya kukamatwa, alihukumiwa kuchapwa viboko 120 na kisha kuuawa. Wamisionari Wabaptisti waliomba ahurumiwe, na Mfalme Albert I akaibadili adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Alisafirishwa hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka kwao, mahali ambapo hakuna aliyesema lugha yake. Waliomfuata walitawanywa kwa kuhamishwa kutoka jimbo hadi jimbo. Chombo cha kisheria kilikuwa tayari: amri ya tarehe 5 Julai 1910 ilimruhusu mtawala kumwondoa mwenyeji mahali pake na kumweka pengine bila hukumu ya mahakama. Kanisa la Kimbangu hutaja familia 37,000 zilizohamishwa. Watafiti wengine wanaiona idadi hiyo kuwa kubwa mno, lakini hakuna anayekanusha uhamisho wenyewe. Tena uhamisho huo uliieneza dini ile ile uliyokusudiwa kuizima, jambo ambalo watawala walikuja kuling'amua wakiwa wamechelewa.

Wamisionari waliomba huruma. Hakuna dola lililodai haki. Tofauti hiyo si ndogo. Huruma yaombwa kwa mfalme, na mfalme akipenda huitoa. Haki ya mkataba yadaiwa na yule ambaye mkataba unamtambua, na mkataba wa 1919 uliyatambua madola peke yake.

Mlango wa The Hague

Kuna kesi moja inayolidhihirisha jambo hili kuliko maelezo marefu, ingawa haihusu dini hata kidogo. Mwaka 1931, katika mtikisiko wa uchumi wa dunia, Serikali ya Ubelgiji iliiagiza kampuni ya usafiri wa mtoni iitwayo Unatra, ambayo Serikali ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, ishushe nauli za mizigo kwenye Mto Kongo, nayo ikaahidi kuifidia hasara. Oscar Chinn, Mwingereza mwenye biashara ya vyombo vya mtoni huko Léopoldville, hakupewa fidia kama hiyo na biashara yake ikaanguka. Alilalamika kwa Serikali yake. Uingereza ikalichukua shauri mpaka Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, The Hague, ikidai kwamba Ubelgiji imeuvunja Mkataba wa Saint-Germain. Tarehe 12 Desemba 1934 mahakama iliamua kwa kura 6 dhidi ya 5 kwamba Ubelgiji haikukosea.

Chinn alishindwa. Lakini alisikilizwa. Mahakimu kumi na mmoja walikaa, wakaupima mkataba neno kwa neno, wakagawanyika nusu kwa nusu kasoro mmoja, kwa ajili ya nauli za mashua. Mwaka huo huo Kimbangu alikuwa katika mwaka wa kumi na tatu wa kifungo. Ibara iliyomhusu yeye ilikuwa katika mkataba ule ule, kurasa chache tu mbele. Haikufikishwa The Hague, kwa kuwa mtu aliye chini ya Ubelgiji hawezi kusemewa na dola jingine, na Ubelgiji haiwezi kujishtaki yenyewe. Ahadi ya uhuru wa dhamiri haikuwa uongo mtupu; ilikuwa nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo wake uliwekwa mikononi mwa yule aliyeshtakiwa.

Mwaka 1948 lugha ilibadilika tena. Ibara ya 18 ya Tangazo la Ulimwengu ilimpa kila mtu uhuru wa fikira, wa dhamiri na wa dini, pamoja na haki ya kuibadili dini yake. Na Ibara ya 2 ikakataza ubaguzi unaotokana na hali ya kisiasa ya nchi, iwe huru au chini ya mwingine. Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa mataifa 48 yaliyopiga kura ya ndiyo tarehe 10 Desemba. Siku hiyo Kimbangu alikuwa gerezani Élisabethville, akabaki humo karibu miaka mitatu zaidi. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kufungwa. Ubelgiji iliporidhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu mwaka 1955, haikutoa tamko la kuueneza hadi Kongo, ingawa mkataba huo uliruhusu kufanya hivyo. Kanisa la Kimbangu lilitambuliwa kwa amri ya koloni tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita kabla ya Uhuru, na mwaka uliofuata mwili wa mwanzilishi ulirudishwa Nkamba. Sheria ya kimataifa haina fungu katika utambuzi huo. Uliletwa na subira ya waumini, na na upepo wa siasa.

Kitawala, na ugumu wa neno utulivu

Haitakuwa haki kuisimulia historia hii kana kwamba kila hofu ya Serikali ilikuwa ya kubuni. Mafundisho ya Watch Tower yaliingia Katanga kutoka kusini, pamoja na wafanyakazi wa migodi. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alivuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini akibatiza watu na kuwaua waliodhaniwa kuwa wachawi. Aliporudi huko alishtakiwa na kunyongwa mwaka 1926. Mwaka 1944 uasi wenye silaha ulizuka katika sehemu za Masisi na Lubutu, ukiongozwa na Bushiri, ambaye alitumia mahubiri ya Kitawala. Hakuna sheria ya uhuru wa dini, ya zamani wala ya sasa, inayomkinga muuaji.

Jina lenyewe ni somo kwa wanafunzi wa lugha. Kitawala limetokana na neno Tower, lililotamkwa kwa mdomo wa Kibantu na kuvikwa kiambishi ki-, kama ilivyo katika Kiswahili au Kizungu. Lakini masikio ya wasema Kiswahili yaliposikia Kitawala yalisikia kutawala. Waumini walilipenda jina kwa sababu hiyo, na watawala wakaliogopa kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1937 Kitawala kilipigwa marufuku Katanga, kisha majimbo mengine yakafuata. Marufuku hiyo haikumtafuta aliyeua au aliyeshika silaha, ilimtafuta aliyeamini. Wahamishwa walijazwa katika makambi ya kilimo kama Ekafera na Kasaji, wengi wao wakiwa hawajashtakiwa kwa tendo lolote. Hapa ndipo neno utulivu linapokuwa gumu. Kulinda utulivu dhidi ya tendo ni kazi ya kila serikali. Kulinda utulivu dhidi ya imani ni kazi isiyo na mwisho, maana haina ushahidi wa kuanzia wala wa kukomea.

Serikali iliyofuata Uhuru ilirithi neno hilo pamoja na samani za ofisi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kanisa la Kristo katika Zaire lililowakusanya Waprotestanti, na Kanisa la Kimbangu. Mwaka 1972 ziliongezwa jumuiya za Waorthodoksi, Wayahudi na Waislamu, na kwa mara ya kwanza Uislamu wa Maniema ukawa na hati ya Serikali. Vikundi vingine vyote viliwekewa masharti mazito, au vikawa haramu kwa siku moja. Miongoni mwavyo vilikuwamo vile vidogo vya Bas-Congo vilivyodai pia kumrithi Kimbangu. Kanisa lililowahi kuhamishwa kwa amri ya mtawala sasa lililindwa na amri iliyowafunga jirani zake. Hili husemwa si kwa kulilaumu. Ndivyo ilivyo kila mahali ambapo utambuzi wa dini ni zawadi ya dola.

Hata waliotambuliwa hawakusalimika. Katika siku za Uhalisi majina ya Kikristo yalikatazwa mwaka 1972, Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa muda, na mwaka 1974 sikukuu ya Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko, na vitivo vya teolojia vikatolewa katika Chuo Kikuu cha Taifa. Ni ajabu basi kwamba tarehe 1 Novemba 1976 Serikali hiyo hiyo ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa. Ibara ya 4 ya mkataba huo hairuhusu uhuru wa dini usimamishwe hata wakati wa hatari ya taifa. Pamoja nao Zaire iliikubali Itifaki ya Hiari, inayomruhusu mtu binafsi kuishtaki serikali yake mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu. Ufunguo ulibadilisha mikono siku hiyo, na watu wachache sana nchini walipata habari.

Banjul, 1995

Mashahidi wa Yehova walikuwa wamepata hati ya kisheria nchini Zaire mwaka 1980. Dini yao haikupatana na maisha ya Chama kimoja: hawakusalimu bendera, hawakuvaa beji ya MPR, hawakucheza ngoma za kumsifu kiongozi, na walikataa salongo kwa sura iliyopewa na Chama. Tarehe 12 Machi 1986 amri ya Rais iliwafuta. Walikamatwa, mali yao ikachukuliwa, watoto wao wakafukuzwa shuleni.

Mwaka huo huo, tarehe 21 Oktoba, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, ulianza kutumika. Zaire iliuridhia mwaka 1987. Ibara yake ya 8 inadhamini uhuru wa dhamiri na wa kushika dini, ila kwa kuzingatia sheria na utulivu. Neno la 1919 lilikuwa limerudi, safari hii katika kalamu ya Waafrika wenyewe, na wapo waliosema kwamba Ibara ya 8 ni kikapu kilichotoboka.

Kilichozuia tobo hilo si maneno ya ibara bali namna ilivyotumiwa. Kati ya 1989 na 1993 mashauri manne juu ya Zaire yalifikishwa kwa Tume ya Afrika yenye makao Banjul. Matatu na mashirika ya haki za binadamu, la nne, namba 56/91, na Mashahidi wa Yehova wenyewe. Tume iliyaunganisha na kuyaamua katika kikao chake cha Oktoba 1995. Serikali haikujibu. Tume ilisema kwamba Serikali haikuleta ushahidi wowote kuonyesha kuwa dini hiyo inahatarisha sheria na utulivu. Kwa hiyo kuwatesa waumini, kutwaa mali yao na kuwanyima watoto wao elimu ni uvunjaji wa Ibara ya 8. Hukumu hiyo ni fupi mno kwa jambo zito kama hilo, na mwanasheria angetamani maelezo zaidi. Lakini ndani yake mzigo umehamishwa. Mwaka 1921 Kimbangu ndiye aliyepaswa kuonyesha kwamba yeye si hatari. Mwaka 1995 dola ndilo lililopaswa kuonyesha kwamba waumini ni hatari, na liliponyamaza likashindwa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imekwisha kueleza vivyo hivyo katika ufafanuzi wake namba 22 wa mwaka 1993: mipaka ya Ibara ya 18 isomwe kwa ufinyu, na dini changa au isiyo ya wengi ina ulinzi sawa na ile ya kale.

Katika uamuzi huohuo Tume ilikuta pia kwamba kufungwa kwa vyuo vikuu na shule za sekondari kwa miaka miwili kulivunja haki ya elimu. Waliokuwa wanafunzi wa Zaire miaka ile hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kweli, Tume haikuwa na askari wala mdhamini, na uamuzi wake haukumrudishia mtu mali yake. Amri ya 1986 ilikuwa imekwisha kufutwa nchini kwenyewe, na Mahakama Kuu ya Haki, tarehe 8 Januari 1993, wakati utawala wa Mobutu ulipokuwa umelegea. Hilo nalo lafundisha jambo: mlango wa nje na mlango wa ndani vilifunguka karibu wakati mmoja, na ni vigumu kusema upi uliusukuma mwingine.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imedhamini uhuru wa dini katika Ibara ya 22, na katika Ibara ya 61 imeuweka kati ya haki zisizoweza kusimamishwa hata katika hali ya dharura. Miaka miwili baadaye, mwezi Februari na Machi 2008, polisi walipelekwa katika vijiji vya Bas-Congo, hasa Luozi na Seke-Banza, dhidi ya Bundu dia Kongo, kundi lililochanganya dini ya mababu na madai ya kisiasa. Wafuasi wake walikuwa wametenda ukatili wao pia. Uchunguzi wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuta kwamba watu wasiopungua 100 waliuawa, wengi wao wakiwa wafuasi wa kundi hilo, na kwamba nyumba zao za ibada ziliteketezwa. Mwezi huo wa Machi Serikali ilifuta kibali cha kundi zima. Sababu iliyotajwa ilikuwa utulivu wa umma. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa ajili ya Kimbangu, mtu wa jimbo lile lile. Na Itifaki ya 1976 haijaondolewa sahihi.